Kizungu cha Kung'olea Mkonge

Nunguni
2 Februari 1981

Mjukuu wangu Mwangangi,

Salamu zangu zikukute mzima huko Mwingi, wewe na wanafunzi wako. Mimi mwili uko sawa, ni goti la kushoto tu linalonung'unika nikipanda mlima. Ng'ombe amezaa, ndama ni jike. Kahawa ilipata mvua. Hayo ndiyo mazuri, na yameishia hapo.

Anayeshika kalamu ni Halima wa dukani, mke wa Abdallah, maana mkono wangu mimi unajua jembe peke yake. Nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asipunguze neno hata nikitukana.

Watu wa serikali wa kupima mashamba walikuja. Walikuja na minyororo ya kupimia na rangi nyekundu, na kamati nyuma yao, na katikati ya kamati alikuwa Mutiso, mtoto wa shemeji yangu Mbuvi. Waling'oa mkonge wa mpaka, ule niliopanda na mama yako Muthoki wakati wewe ukiwa mgongoni mwake. Nikauliza, "Mnang'oa kwa nini?" Mutiso akajibu mbele ya watu wote, "Hii nyumba haina kijana. Mzee alikufa bila mtoto. Shamba ni ya ukoo, itarudi kwa ndugu yake." Nikamuuliza, "Na mwalimu aliye Mwingi ni wa nani?" Akacheka mpaka akashika tumbo. "Huyo ni kijana ya Muthoki. Uliona wapi mwanamke akioa mwanamke?"

Aliona kwao! Baba yake, Mbuvi, alikula nyama siku nilipooa na kulamba vidole. Unajua habari hii lakini nitaisema tena, labda hasira itashuka. Mungu hakunipa mtoto. Mume wangu alipokufa nikafanya walivyofanya mabibi zetu wasiozaa: nikaoa iweto, mke wa kuizalia nyumba yangu. Mbuzi wa mahari walikuwa wangu, si wa mtu. Niliwapeleka mwenyewe Mbumbuni kwa baba yake Muthoki, wakapokelewa, na Muthoki akaja kuwa mke wa nyumba yangu. Watoto aliozaa ni wa nyumba ya mume wangu, nami ndiye susu, bibi yao. Wewe ukapewa jina la mume wangu. Hakuna mzee wa hapa asiyejua. Muthoki na mimi tulichimba matuta yale yote kwa mikono yetu, kutoka barabarani mpaka mtoni, na Mungu amlaze pema, hakuwahi kuniuliza mbona mimi si mwanamume.

Sasa kuna karatasi imebandikwa kwa chifu. Halima amenakili maneno, ingawa hakijui Kizungu. Inasema mpaka wangu uwe "removed", jina langu liwe "deleted", na nyumba yangu "excluded". Nieleze ni nini. Malalamiko yatasikizwa tarehe 6 Juni, afisa atatoka Machakos. Anataka kumwona kijana wa nyumba hii. Uje usimame pale, useme wewe ni nani. Ukisimama tu, maneno ya Mutiso yamekwisha.

Ni mimi Susu wako,
Kasyoka


Mwingi
20 Februari 1981

Susu mpendwa,

Nimeshukuru kupata barua yako na kusikia u mzima. Pole kwa goti; jaribu kulikanda kwa maji ya moto na chumvi. Huku tunaendelea vizuri ila jua ni kali na maji tunapanga foleni. Msalimie sana Mama Halima.

Nimesikitishwa na habari ya Mutiso. Kuhusu maneno uliyouliza, umenigusa penyewe, kwa sababu juma hili ndilo somo ninalofundisha Kidato cha Pili! Kiingereza kina vitenzi vingi vya kuondoa na kuchukua, na kila kimoja kina mahali pake. "Remove" ni kuondoa kitu kilipo. "Delete" ni kufuta kilichoandikwa. "Exclude" ni kumwacha mtu nje. Lakini si hayo tu. Askari akichukua kitu kwa nguvu ni "seize". Mwalimu mkuu akichukua redio bwenini ni "confiscate". Mpangaji akitolewa nyumbani ni "evict". Mtu akivuliwa cheo ni "strip". Na mtu akinyimwa haki yake ni "deprive". Wanafunzi huyachanganya, lakini ukizoea utaona yanapendeza.

Kwa maoni yangu, neno sahihi kabisa kwa kesi yako ni "deprive", na ningekushauri ulitumie mbele ya afisa.

Katikati ya muhula siwezi kutoka. Shule zikifungwa Aprili nitakuja tukae tupange.

Mjukuu wako akupendaye,
Mwl. Mwangangi


Nunguni
9 Machi 1981

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila tangu Halima anisomee barua yako sijalala vizuri. Salamu zako amezipokea. Amesema una mwandiko mzuri. Huo mwandiko nimeulipia kwa kahawa yangu, kwa hivyo nami naruhusiwa kuusema.

Nilikuambia nyumba inaungua, nawe umenifundisha majina ya moto.

Sasa sikiliza, nami nikufundishe. Mtu akija usiku bila kofia akachukua mbuzi wangu, jina lake ni mwizi, na hata mtoto mdogo anajua kupiga nduru. Akija mchana na kofia, Kizungu kinaanza kumtafutia neno lake. Huyu ame-"remove". Yule ame-"delete". Mwenye bunduki ana neno lake, mwenye kalamu ana lake, mwalimu mkuu naye asikose. Mbona wamejitafutia maneno mengi hivyo? Mtu mwenye majina kumi ya jambo moja ni mtu anayelifanya kila siku. Sisi tuna moja. Mutiso ni mwizi. Baba yake ni mwizi. Halima ameniuliza kama kweli aandike hivyo juu ya Mbuvi ambaye ni mteja wao. Nimemwambia andika.

Na hilo neno ulilonipa nilitumie mbele ya afisa, sitalitumia. Nitaweka kinywani neno la Kizungu, mimi Kasyoka, wazee wanicheke? Mimi sihitaji neno. Nahitaji mtu. Nyumba yangu ina mtu mmoja mwenye suruali, na yuko Mwingi anapanga vitenzi ubaoni.

Dada zako wako kwa waume zao, na Mutiso anasema binti aliyeolewa hahesabiwi. Mary alikuja kutoka Sultan Hamud na mtoto mgongoni akataka kusema, wakamwambia akae chini. Kwa hivyo ni wewe.

Juzi Mutiso amepitisha ng'ombe wake wawili kwenye matuta ya chini. Tuta moja limebomoka. Nimelijenga tena na wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, na walinisaidia bila kuuliza nimezaa au sikuzaa.

Aprili nakungoja. Nimekutengea jogoo.

Susu wako,
Kasyoka


Mwingi
29 Aprili 1981

Susu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba mvua imenyesha vya kutosha huko. Huku imenyesha kwa pupa ikabeba daraja dogo, halafu ikanyamaza.

Najua ulinitarajia na ninaomba radhi. Likizo yote ilikwisha kwa mambo ambayo ni ya furaha, nawe utafurahi ukisikia. Nimepata mchumba. Anaitwa Kalondu, ni muuguzi, na baba yake ni mchungaji wa kanisa letu hapa. Watu wa kanisa wananitazama sana siku hizi na ilibidi nihudhurie mikutano yote ya Pasaka. Sikuweza kutoroka.

Ili usidhani nimekusahau, nimempelekea mjomba Ndululu wa Mbumbuni pesa anunue mbuzi mzuri akuletee nyumbani. Chinja, unywe supu, goti lipone. Mjomba amekubali na atafika juma lijalo.

Kuhusu tarehe 6 Juni, tutaona.

Mjukuu wako,
Mwangangi


Nunguni
11 Mei 1981

Mwangangi,

Hujambo huko. Sisi hapa hatujambo kwa kujikaza tu.

Mbuzi amefika. Nitakueleza alivyofika, kisha uniambie huko chuoni walikufundisha nini miaka yote ile.

Nilikuwa nikipalilia. Nikaona mtu anapanda njia, anavuta mbuzi kwa kamba. Nikatambua ni Ndululu, kaka yake Muthoki. Mtu wa upande wa Muthoki, anakuja kwangu, na mbuzi, mwezi mmoja kabla ya kesi! Nilitupa jembe nikakimbia na goti langu hili mpaka langoni, nikasimama na mikono wazi. Nikamwambia, "Ndululu, mguu wake usiingie hapa." Akashangaa, "Mama, ni zawadi ya Mwalimu." Nikamwambia hata kama ni zawadi ya malaika.

Hukuwahi kusikia mbuzi wa kukataa? Ndoa yetu inafungwa kwa mbuzi na inafunguliwa kwa mbuzi. Watu wa mwanamke wakimrudisha mbuzi kwa aliyeoa, na mbuzi akaingia bomani, ndoa imekwisha, na watoto wanarudi kwa kina mama yao. Hilo linajulikana na kila mtu kuanzia hapa mpaka Kathonzweni. Wewe peke yako, mwenye vitenzi vyote, ndiye hujui. Mutiso amehangaika tangu Januari kutafuta njia ya kukutoa katika nyumba yangu. Wewe umemletea kamba mkononi.

Mbuzi nimemfunga nyuma ya duka la Abdallah, nje ya shamba langu. Namlisha na kumpa maji maana hana kosa. Lakini Mutiso alimwona Ndululu njiani, na kufikia jioni soko lote lilikuwa linasema, "Kina Muthoki wamerudisha mbuzi ya Kasyoka." Hata wamama wa kanisani wameniuliza, nusu wananipa pole, nusu wanachungulia.

Wazee wawili nimewaendea. Wamesema kwa kuwa mbuzi hakuvuka lango, bado hajapokelewa. Lakini aliyemtuma ni lazima aje mwenyewe aseme alikuwa wa nini. Si Ndululu, si mimi. Aliyemtuma. Usiponisikia hapa, hutanisikia tena: njoo tarehe 6.

Susu wako,
Kasyoka


Mwingi
25 Mei 1981

Susu,

Salamu nyingi. Nimesoma barua yako mara nyingi. Kweli sikujua. Nilifikiri ni mbuzi tu. Nisamehe.

Lakini nisikilize nawe. Tarehe 6 ndiyo siku wazee wa hapa wamepanga kunipeleka kwa mchungaji kupeleka ntheo, mbuzi za kufunga uchumba. Ilipangwa kabla ya kesi yako kunifikia vizuri akilini, na siwezi kuivunja bila kueleza sababu. Na sababu yenyewe siwezi kuieleza. Nimewaambia kwamba baba yangu alikuwa dereva wa lori na alikufa ajalini Voi. Watu hawa wameokoka, Susu. Nikisimama mbele yao niseme nililetwa duniani na wanawake wawili, wataniangaliaje? Kalondu ataniangaliaje? Wewe umeishi na jambo hili na watu wanaolijua. Mimi niko kati ya watu wengine.

Nimeandika barua kwa afisa, kurasa mbili, kwa Kiingereza safi. Nimeeleza desturi, nimeeleza mbuzi, nimeeleza kwamba usinyang'anywe shamba. Afisa ni mtu aliyesoma, ataelewa zaidi kwa barua kuliko kwa kelele za baraza. Naamini itatosha.

Mjukuu wako,
Mwangangi


Nunguni
14 Juni 1981

Mwangangi,

Hatujambo. Nakuandikia ili usiseme hukuambiwa.

Baraza lilikuwa chini kwa chifu, watu wamejaa mpaka kwenye kahawa ya watu. Afisa ni kijana mpole mwenye miwani. Alifungua barua yako akasoma kwa Kizungu kwa sauti, yote, kurasa zote mbili. Watu walisikiliza kama wako kanisani. Alipomaliza akatikisa kichwa akasema, "Hii barua imeandikwa vizuri kabisa. Mwenyewe ako wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema uko kazini, lakini uongo ulikataa kutoka.

Mutiso akasimama. "Afisa, barua inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Huyo kijana alirudisha mbuzi, halafu akakosa kuja. Unataka ushahidi gani ingine?" Afisa akawageukia wazee. Wazee wakatazamana. Mzee Mutie, aliyekuwepo siku ya ndoa yangu na Muthoki, akasema kwa huzuni, "Ndoa tuliiona. Lakini asiyekuwepo na lake halipo."

Nilisimama nikasema yote mwenyewe. Nilisema niliowapeleka walikuwa mbuzi wa nani. Nilisema nani alichimba matuta. Nilimtaja Mbuvi na nyama aliyokula, naye alikuwa amekaa pale na fimbo yake akitazama chini. Sikutumia Kizungu hata neno moja, na sauti yangu ilifika mpaka barabarani. Unajua nilijisikiaje? Kama mtu anayelia matanga ya mtoto aliye hai.

Afisa hakunifukuza. Alisema, "Mama, nimekusikia. Lakini nyumba bila mtu siwezi kuandika. Nitarudi tarehe 12 Agosti. Ukiwa na mtu, mlete."

Mbuzi wako, Ndululu amemchukua akaenda naye. Hakuvuka lango langu, na kesi yake imefungwa.

Susu wako,
Kasyoka


Mwingi
30 Julai 1981

Susu wangu,

Salamu, salamu, na salamu tena. Hii ni barua ya tatu na bado sijapata jibu. Mama Halima, kama unasoma hii, tafadhali msomee mpaka mwisho hata akikuambia uache.

Susu, nimewaambia. Nilishindwa kulala, nikamwambia Kalondu, kisha tukaenda pamoja kwa baba yake. Nilimweleza kila kitu, Muthoki, wewe, mbuzi, Mutiso. Nilipomaliza nikajua uchumba umevunjika. Kisha mchungaji akasema mama yake mzazi aliolewa na mwanamke wa Migwani. Mchungaji mwenyewe ni mtoto wa iweto! Alisema nyumba ile ndiyo iliyompa shamba na karo, na akaniuliza kwa nini nilimtungia dereva wa lori. Nilijiona mjinga kiasi cha kutaka ardhi inimeze.

Sasa hakuna ninachokiogopa. Harusi ni tarehe 15 Agosti hapa Mwingi, kadi zimeshachapishwa, na tafadhali njoo ukae mbele kabisa. Juma linalofuata mimi na Kalondu tutakuja Nunguni nami nitasimama mbele ya afisa, mbele ya Mutiso, mbele ya yeyote. Mwombe afisa angoje siku chache tu. Mtu aliyesoma ataelewa.

Mjukuu wako daima,
Mwangangi


Nunguni
19 Agosti 1981

Kwa Mwangangi,

Nimesikia harusi ilikuwa nzuri na mvua haikuwanyeshea. Nimefurahi, na mkeo namtakia afya na watoto. Mimi sijambo. Barua zako zote tatu nimesomewa mpaka mwisho.

Sikumwomba afisa angoje. Nimengoja Februari, nimengoja Aprili, nimengoja Juni. Kungoja kwangu kumekwisha, na kwa mtu wa serikali sikutaka kukuombea tena.

Nimeoa.

Anaitwa Syombua, kutoka Kathonzweni. Ni mwanamke mchapakazi, anacheka kwa sauti, na ana mtoto wa kiume wa miaka miwili aliyemzaa kwao. Julai nilichagua mbuzi wangu, nikawapeleka mimi mwenyewe kwa baba yake, na Mzee Mutie akanisindikiza na bakora yake. Walinitazama, mwanamke wa miaka yangu, mwenye goti bovu, wakauliza, "Mama, unaoa tena?" Nikasema ndiyo, na nikiishi na ikibidi nitaoa mara ya tatu. Walicheka, wakapokea, tukala.

Tarehe 12 afisa alirudi. Mutiso alianza kusema ile hotuba yake. Afisa akaniuliza, "Mama, una mtu?" Syombua akasimama na mtoto kiunoni, akasema jina lake na jina la mtoto na jina la nyumba yangu, bila kutetemeka, na jua likimpiga usoni. Wazee wakasema nyumba imesimama. Mutiso alipiga kelele kwamba ni mchezo. Mzee Mutie akamuuliza kama nyama aliyokula baba yake nayo ilikuwa mchezo, na watu wakacheka mpaka Mbuvi akainuka akaenda zake. Afisa akaandika. Shamba ni la nyumba ya Kasyoka, na mrithi ni yule mtoto. Mkonge tumeshaupanda tena, mimi na Syombua na wanawake wa mwethya.

Utasema nimekufuta. Usilitumie hilo neno kwangu. Jina lako ni la mume wangu na siwezi kulichukua, nalo likae nawe mpaka uzeeni. Mutiso alitaka kukutoa katika nyumba hii akashindwa, maana hakuwa na uwezo huo. Hakuna mtu aliyekuondoa, Mwangangi. Mahali pako palikuwa wazi miezi sita na mimi nimesimama langoni.

Ukija na mkeo, njooni kama wanavyokuja watoto wa dada zangu. Bisheni hodi, mtakaribishwa, mtapikiwa, mtaonyeshwa ndama. Syombua ndiye atakayewafungulia. Ni nyumba yake.

Ni mimi,
Kasyoka

Mwalimu, mimi Halima naongeza hapa kwa ruhusa yake. Nilimuuliza kama hapo juu, penye jina lake, niandike "Susu wako" kama siku zote. Amekaa akifikiri mpaka chai ikapoa, kisha akasema niandike alivyosema.